Kufufua Land Rover Series III uani kwako: mwongozo kamili

Land Rover yangu ya kwanza niliinunua ikiwa ndani ya magunia. Bodi na chesisi vilikaa juu ya magogo nyuma ya ghala la shamba la mkonge, njia ya Muheza, Tanga, lakini giaboksi, breki na nusu ya injini vilikuwa kwenye magunia sita. La saba lilikwisha kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliyelifungua gari lile alikuwa na nia njema kabisa: alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, akaanza kwa kufungua kila kinachofunguka, pesa zikamwishia, kisha akahamishwa kikazi. Tangu hapo nimekutana na magari ya zamani yaliyouawa na spana mengi kuliko yaliyoliwa na kutu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na kila hatua hapa chini inaifuata: fungua sehemu moja, imalize, irudishe, ndipo uguse nyingine. Gari libaki linasukumika wakati wote, na mapema iwezekanavyo liwe linatembea. Gari linalotembea hukutia hamu ya kuliendea kila Jumamosi. Lililo magunia hulipitia ukienda kuanika nguo.

Kwa nini Series III

Land Rover ilionyeshwa kwa umma Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, basi kampuni ya Rover ikalivika gari lake bati za aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Shida yao ikawa neema yetu: bodi haiozi kama ya magari mengine ya rika lake. Kinachooza ni chuma kilichofichwa chini ya bodi, na hapo ndipo wanunuzi wengi huliwa.

Series I ilikoma 1958, zikafuata II na IIA hadi 1971, kisha Series III hadi 1985. Zilienea Afrika Mashariki kwenye mashamba makubwa, misheni, polisi na hifadhi za wanyama. Baadhi ya zilizouzwa Kenya ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Series III utaitambua kwa grili ya plastiki, taa kubwa zilizo kwenye madigadi, na geji zilizokaa mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Gia zake zote nne za kwenda mbele zina sinkro (kifaa kinacholainisha kubadili gia), tofauti na ndugu zake wakubwa ambao namba moja na mbili huwa kero kwa dereva wa leo.

Zipo za urefu wa aina mbili, inchi 88 na inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Anayeanza namshauri achukue 88 ya petroli yenye injini ya silinda nne, cc 2286. Ni injini ya polepole, nzito, inayosamehe makosa, na ndiyo yenye vipuri vingi. Mia na tisa ya silinda sita ni gari zuri la kulipanda likiwa la mtu mwingine.

Kabla ya kutoa pesa

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi na nguo usizozionea huruma. Lala chini ya gari. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote na chini. Chuma kizima hulia kikali na nyundo inaruka. Kilichooza hutoa sauti ya kufifia, kama unagonga kifuu kilichojaa mchanga. Ukisikia hivyo, choma kwa bisibisi. Ikizama, weka alama kwa chaki uendelee. Kagua zaidi boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na mahali springi zinaposhikia. Chesisi hii ni sanduku lenye uwazi ndani, kwa hiyo huanza kuoza ndani ndipo ijitokeze nje. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa juzi juzi isikupendeze. Uliza inaficha nini.

Kisha ingia ndani ukague ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Inua zulia au mpira wa sakafuni. Pale miguu inapokaa, kwenye nguzo za milango, na kwenye pembe za juu chini ya kioo ndiko unakooza. Chesisi yenye matundu mawili matatu huchomelewa kwa siku mbili. Ukuta uliooza ni kazi nyingine, maana ndio unaobeba milango, kioo, usukani na pedali. Ukiukosea milimita chache, milango haifungi tena. Mimi huhesabu ukuta mbovu kuwa sababu ya kushusha bei zaidi kuliko injini iliyokwama.

Injini isiyozunguka isikutishe. Bati zilizobonyea zisikutishe. Viti visivyokuwepo usivitaje kabisa, ila wakati wa kupatana bei.

Karatasi nazo zitazame kwa ukali uleule. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikia, na ipo pia kwenye kibati ndani ya gari. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uisome, kisha ilinganishe na kadi ya gari, au logibuku kwa walio Kenya. Magari mengi ya rika hili yalinunuliwa kwenye minada ya serikali au ya mashamba na hayakuwahi kubadilishwa jina, mwenye jina ameshafariki, warithi wako watano. Maliza habari hiyo na TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya kabla hujalipa. Nilimwona jirani akifufua gari kwa miaka miwili, na siku ya kulisajili akagundua kwamba kisheria halikuwa lake.

Mahali na zana

Kivuli, sakafu ngumu na mlango unaofungwa: ukivipata vitatu una gereji. Jeki moja nzuri, na stendi nne za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiliweke juu ya tofali za saruji, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kama huna stendi, tumia vipande vinene vya mninga au mbao nyingine ngumu.

Kosa la spana nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na seti nzuri ya milimita, mpya, na kwa wiki moja nikaviringisha vichwa vya nati kumi hivi. Nikamwendea fundi mzee mtaa wa Chumbageni, Tanga, nikamwamkia, nikamlalamikia kwamba nati za gari hili zimekataa. Akaichukua spana yangu, akaitazama, akanirudishia.

“Mwanangu, nati haijakataa. Wewe umeujia mlango huu na ufunguo wa nyumba nyingine.”

Nati za Series III ni za inchi. Unahitaji 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16 na 3/4, na hizo zitakufikisha mbali. Namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi kwa kubabaisha, ndiyo maana inadanganya. Ongeza fila geji (vibati vya kupimia mianya), toki renchi (ile spana yenye kipimo cha nguvu), kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na multimita ya bei nafuu.

Kwa nati zilizoshikana na kutu, changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, tikisa, dondoshea jioni, rudia asubuhi. Weka mbali na moto. Ikishindikana, pasha nati yenyewe kwa moto, si bolti, ijaribu ingali ya moto.

Na simu yako ni zana. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua, na baada ya kufungua. Kila sehemu na mfuko wake wa plastiki, na ndani ya mfuko kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino hufutwa na oili. Mfuko uandikwe mahali kitu kilipotoka, na bolti ngapi. “Vya mbele” si maelezo. Baada ya miezi minne utakuwa unauuliza mfuko maswali.

Chesisi

Anza na chuma, kwa sababu vingine vyote vimekalia hapo. Toa betri, ondoa waya za alteneta, na kwenye 88 toa tangi la petroli lililo chini ya kiti cha mbele, ulipeleke mbali. Tangi tupu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke. Hapo ndipo fundi wa kuchomelea aingie.

Asikupigie bati jembamba juu ya kutu. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kipatikane chuma king'avu, kisha kiraka cha bati la milimita 2 kichomelewe kuzunguka pande zote. Ukiweka kiraka juu ya kiraka unajenga mfuko wa kuhifadhi maji. Kabla ya kukata sehemu ndefu, egemeza chesisi kwa stendi pande zote mbili na upime kutoka pembe hadi pembe, mshazari, ili isipinde.

Baadaye weka praima ya zinki, rangi, na ndani ya sanduku la chesisi pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu mwembamba kupitia matundu yaliyopo. Wazee wengi humwagia oili chafu ya injini. Inafanya kazi, sikatai, lakini inaozesha mpira wa bushi na inachafua ardhi ya kisima chako.

Kwa sisi wa pwani kuna adui wa pili. Alumini na chuma zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Utauona mahali bati linapokalia fremu za chuma, kama sakafuni na kwenye milango. Kila unaporudisha kipande, tenganisha metali hizo mbili kwa rangi kavu na kipande chembamba cha mpira, na bolti zipake grisi.

Springi zifunguliwe jani kwa jani, zisuguliwe, zipakwe grisi, bushi zibadilishwe. Angalia: ya upande wa dereva na ya upande wa abiria si sawa, ya dereva ina nguvu zaidi. Ukizichanganya gari litaegemea upande mmoja, na utatafuta kosa mahali pasipo.

Breki, kabla ya injini

Watu hunishangaa hapa. Kila mtu anataka kusikia injini ikinguruma. Lakini injini ikiwaka utataka kuendesha, na utaendesha, hata kama breki ni za kuomba dua.

Breki zote nne ni za ngoma. Vumbi lililo ndani ya ngoma ya zamani laweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Badilisha silinda ndogo za magurudumu yote hata kama moja tu ndiyo inayovuja. Bomba za chuma zilizochubuka na kutu zitoke, na hozi tatu za mpira zitoke bila mjadala. Sehemu za ndani za breki usizisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwani mpira wake utavimba. Tumia spiriti au mafuta ya breki yenyewe.

Mafuta ni DOT 4. Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), umalizie la karibu. Kisha kaza kirekebishio kilicho nyuma ya pleti mpaka gurudumu lisizunguke, kilegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa kugusagusa tu. Pedali ikishuka sana na kupanda ukipiga mara mbili, mara nyingi si hewa, ni shuu ziko mbali na ngoma.

Injini

Kama haizunguki, toa plagi zote nne, mimina kijiko kikubwa cha mchanganyiko ule wa asetoni kwenye kila silinda, uiache siku tatu au nne. Gari hili lina nafasi ya hendeli mbele, kupitia kwenye bampa. Weka gia huru, tia hendeli, sukuma taratibu mbele na nyuma. Usitumie stata wala kuvuta gari. Ringi iliyoshikana ukiilazimisha inavunjika, nayo inakwangua silinda. Injini yangu ilinyamaza siku tisa. Ya kumi ikasogea kama kidole, nikaita majirani.

Ikizunguka, pima kompresheni kwenye silinda zote, plagi zote zikiwa nje na kabureta ikiwa wazi kabisa. Usishughulike sana na ukubwa wa namba. Tazama zinalingana vipi. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 ina neno. Iongezee kijiko cha oili, upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini), na mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua kati yao.

Kutoa hedi ni kazi ya asubuhi moja. Ipeleke kwa fundi mkereza aipime kama imepinda na asage valvu. Unapoirudisha, kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, mpaka pauni-futi 65, karibu Nm 88. Baada ya kuendesha mara ya kwanza na kupoa, rudia.

Tapeti zote nane, yaani mwanya kati ya mkono unaosukuma valvu na valvu yenyewe, zinapimwa inchi 0.010, sawa na mm 0.25, za kuingiza na za kutoa. Kuna njia ya kurahisisha ambayo ni tamu: jumla iwe tisa. Zungusha injini mpaka valvu ya 8 iwe imefunguka kabisa, ndipo urekebishe ya 1. Ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Ya 4 ikifunguka, rekebisha ya 5. Uende hivyo hadi zote nane. Hakuna haja ya kutafuta alama yoyote.

Distributa: pointi zake (vidude vinavyokata na kuunga umeme wa plagi) ziachane mm 0.35 hadi 0.40, plagi mm 0.75 hadi 0.80, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kondensa ya zamani ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, inayofanya kazi usiitupe kwa sababu umenunua mpya. Nyingi za madukani siku hizi hufa gari likipata moto, nawe utalaumu kabureta. Injini ikizima ikiwa moto na kuwaka ikipoa, mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa, wa pili koili.

Kabureta ya Zenith ina tabia moja: uso unaokutanisha kifuniko na mwili wake hupinda, petroli ikapita njia isiyo yake, injini ikala mafuta na kushindwa kutulia ukiachia pedali. Weka msasa laini juu ya kioo kinene, usugue nyuso hizo kwa mwendo wa namba nane mpaka zilale sawa, ubadilishe na kile kiringi kidogo cha mpira kilicho ndani. Tangi nalo: tia kokoto safi na mafuta ya taa, tikisa mkiwa wawili, mwaga, rudia mpaka yatoke bila rangi ya chai. Bila hivyo kila kabureta utakayoisafisha itaziba tena ndani ya wiki.

Rejeta ni ya shaba. Ipeleke kwa fundi wa rejeta aifungue juu na chini, aizibue kwa waya, aichomee risasi. Mfumo mzima unabeba kama lita 10. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, na termostati irudishwe mahali pake. Najua fundi wako atakwambia itoe, nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake huchafua oili na kuchakaa mapema. Kama gari linachemsha, kosa liko kwingine.

Oili za chini

Injini huchukua kama lita 7 za 20W-50 pamoja na filta. Giaboksi kuu lita 1.5 na ile ndogo ya nyuma yake lita 2.5, zote oili ya EP90. Kwa giaboksi kuu tafuta iliyoandikwa GL-4, kwa sababu baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkro. Difu za 88 (maboksi ya gia yaliyo katikati ya ekseli), mbele na nyuma, lita 1.75 kila moja. Kabla ya kumwaga oili chafu, fungua kwanza tundu la kujazia. Likigoma kufunguka na umeshamwaga, gari limelala hapo.

Mipira mikubwa ya chuma iliyo nyuma ya magurudumu ya mbele huchukua nusu lita kila mmoja na ni maarufu kwa kuvuja. Mpira ukiwa na vijitundu vya kutu usoni, sili mpya haitadumu mwezi. Wengi wetu tumeacha kushindana nao, tukatia grisi laini maalumu badala ya oili.

Shafti za ndani ya ekseli ya nyuma ni nyembamba kwa kazi zinazofanya. Hukatika ukiachia klachi kwa pupa. Nina moja nyuma ya kiti wakati wote.

Umeme

Waya za Lucas zina lugha yake, na ukiijua huhitaji mchoro kila mara. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni moto unaokuja ukifungua swichi. Kijani ni huo huo ukiwa umepita kwenye fyuzi. Nyeusi ni ethi, njia ya umeme kurudi betri kupitia chesisi. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia.

Series III ina ethi ya hasi, yaani upande wa hasi wa betri ndio ulioungwa na chesisi. Kama una Series II au IIA ya mwanzo, yaweza kuwa ya chanya. Hakikisha kabla ya kuunga redio au chaja.

Zaidi ya nusu ya matatizo ya umeme niliyoyakuta yalikuwa ethi. Sugua kwa msasa mahali waya mnene wa betri unapokutana na chesisi, na uweke wa pili kutoka injini hadi chesisi. Taa hafifu, stata mvivu, geji zinazocheza: jaribu hapo kwanza. Waya zilizokwisha kuungwa na mafundi wanne tofauti zing'oe zote, uunde upya sehemu moja kwa wakati. Weka swichi ya kukata betri. Ni bei ndogo kuliko kuunguliwa na gari.

Rangi mwisho

Rangi ni ya mwisho kwa sababu kila kazi iliyotangulia huichubua, na pia kwa sababu ukiiweka mapema utaridhika mno ukaacha vilivyobaki. Alumini haishiki praima ya kawaida. Isugue, ifute kwa thina, uipake praima ya kung'ata inayotengenezwa kwa ajili ya alumini, ndipo praima ya kawaida, ndipo rangi. Puti isizidi unene wa milimita 3. Bonyeo kubwa ligongwe kwanza kwa nyundo ya mpira na mfuko wa mchanga. Kijani kiitwacho Bronze Green chenye rimu na paa la Limestone ni jadi isiyochusha. Lakini gari lenye mikwaruzo ya kazi iliyolipata kihalali, mimi nalisafisha tu na kuliacha. Hili ni gari la shamba.

Vipuri

Gerezani kwa Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi. Nenda na kipande cha zamani mkononi, usiende na jina lake tu. Linganisha uzito, idadi ya meno, na umbali wa matundu. Beringi na sili zina namba zilizogongwa pembeni. Namba hiyo utaipata kwenye duka lolote la beringi, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ukitaja neno Land Rover. Masta silinda, pointi na hozi za breki agiza zenye jina la kuaminika hata kama zitachelewa. Mimi huvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa mara moja au mbili kwa mwaka, na begi langu huwa na gasketi kuliko nguo.

Kulitunza likishapona

Liendeshe. Mara moja kwa wiki mbili, kilomita 20 au zaidi, mpaka giaboksi lipate moto. Kuliwasha dakika tano pale pale uani kunaliumiza: mvuke wa maji unabaki kwenye oili na kwenye bomba la ekzosi, na unaozesha vyote viwili.

Oili ya injini na filta kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Nipoli za propela shafti grisi kila mwezi ukilitumia sana. Yu-bolti za springi zikazwe baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, kisha kila miezi mitatu. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, mapema zaidi kwa walio pwani, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani. Magurudumu ya mbele usiyaunge kwenye lami. Gari hili halina difu ya katikati, na shafti zitajisokota mpaka kitu kikatike. Kitufe cha njano kinachoyaunga ni cha mchanga na tope. Mkono mwekundu, wa gia nzito, ni wa mlima.

Ukitoka ufukweni, osha chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa ndani ya boriti ya nyuma, mpaka maji yatoke bila mchanga.

Usilifunike kwa turubai la nailoni. Linashika unyevu, na asubuhi utakuta bati zinatoa jasho. Kitambaa cha pamba kinatosha kama kuna paa. Na kila unapolifungua baada ya wiki kadhaa, inua boneti kabla ya kugusa swichi: panya hupenda kujenga juu ya manifodi, na majani makavu ya kiota chao yanawaka haraka kuliko utakavyomkumbuka aliyeweka kizimamoto. Changu nimekifunga kwa kamba kwenye mguu wa kiti cha dereva.